Ukimwaga oili ya lori unarudisha lita ngapi? Fundi kaniambia ikizidi haina shida

#1 Tajiri wa Gari Moja

Wakuu, salaam.

Nina Scania 124, ile ya farasi 420, inavuta tela Dar hadi Tunduma, na mzigo ukipatikana inavuka mpaka Lusaka. Jumamosi imefanyiwa sevisi hapa Tabata, na safari hii nimesimama mwenyewe mwanzo mwisho. Sevisi zilizopita nilikuwa natuma tu hela ya ndoo mbili za oili na filta, halafu naletewa risiti.

Kilichotokea ni hiki. Gari iliingia kutoka safari, injini bado ya moto. Fundi akafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikatoka. Mimi nikaipima kwa ndoo tupu za lita 20. Ya kwanza ikajaa, ya pili ikafika lita 9 kwa macho. Filta zikabadilishwa. Akamimina ndoo mpya ya kwanza yote, ya pili akaishia ikiwa imebaki kama robo. Yaani kaingiza lita 35 hivi. Akawasha dakika mbili, akazima, tukasubiri kama dakika tano, nikachomoa stiki ya kupimia oili kwa mkono wangu. Oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole na nusu.

Nikasema punguza. Jibu lake: "Tajiri, oili ikizidi haiui injini, ikipungua ndiyo inaua. Hiyo mlima Kitonga utaila." Dereva naye akamuunga mkono.

Gari inapakia Jumanne. Naomba kujua: injini hii inataka lita ngapi? Ikizidi ina madhara au haina? Na zimetoka 29, zimeingia 35, hizo sita zilikuwa wapi?

#2 Suka wa Nyanda za Juu

Mkuu, mimi nina miaka kumi na nne kwenye usukani, nane nimekalia 124. Sisi tunaweka ndoo moja na nusu, lita 30, basi. Ukiweka 35 umemwaga hela yako. Ila gari haitakufa.

#3 Kijana wa Gerezani

Mwambie huyo fundi akupunguzie leo hii. Oili nyingi inaongeza presha, presha inapasua sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, halafu uje huku Gerezani kutafuta sili na gari iko juu ya mawe siku tatu. Nimeuza sili za namna hiyo nyingi.

#4 Fundi Mzee wa Keko

Kijana wa #3, hapo sikuungi mkono. Presha ya oili inatoka kwenye pampu, na kuna vali inayoirudisha kwenye sampu ikivuka kiwango. Ukiweka lita 30 au 40, geji ya presha haipandi kwa sababu hiyo. Sili zinavuja kwa jambo jingine. Oili ikiwa juu sana, krenki inaifikia na kuipiga, kama mwiko unavyopiga mayai. Inajaa povu. Povu ni hewa, na hewa hailainishi metali. Ukiwa mlimani utaona mshale wa presha unacheza na kushuka, wakati oili imejaa. Dereva asiyejua ataongeza nyingine.

Na ile hewa inayopita pembeni ya pistoni inataka kutoka kupitia bomba la kupumulia. Ikikuta ukungu wa oili kila mahali, inatoka nao. Hapo ndipo unaona injini imelowa kila kona na hujui panavuja wapi.

Mleta uzi, kabla sijakupa namba: gari ilisimama wapi ulipopima?

#5 Tajiri wa Gari Moja

Shikamoo mzee. Ilisimama palepale gereji, chini ya mwembe. Sijaangalia kama ni tambarare. Kuna mteremko mdogo kuelekea mfereji, kichwa kilielekea juu.

#6 Fundi Mzee wa Keko

Marahaba. Basi kipimo chako cha kwanza kiweke pembeni. Kichwa kikiwa juu oili inakimbilia nyuma ya sampu. Stiki itakudanganya juu au chini kutegemea imeingilia upande gani. Tafuta zege. Zima, kaa robo saa nzima. Chomoa, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, ingiza mpaka mwisho, chomoa tena ndiyo usome. Ile ya mara ya kwanza haisomwi, imepakaa kwenye bomba lote.

#7 Mama Kenta

Habari zenu. Mimi nina Kenta mbili zinabeba mchanga na kokoto Kigamboni, siyo malori makubwa kama ya kaka hapa, lakini hili limenikuta. Niliambiwa na fundi wa kwanza kwamba Kenta inakula lita kumi. Fundi wa pili akasema nane na nusu. Nikanunua kumi miezi yote hiyo. Siku nimesimama mwenyewe kama wewe, nikaona stiki imefika alama ya juu na kwenye galoni ya pili bado oili ipo. Nikauliza hii huwa inaenda wapi? Kimya. Kijana mmoja akaangalia chini.

Kaka, hiyo robo iliyobaki kwenye ndoo yako iko wapi sasa hivi?

#8 Tajiri wa Gari Moja

Dada yangu, ndoo niliondoka nayo. Ipo nyumbani. Lakini umenifungua macho. Sevisi sita zilizopita nimelipa ndoo mbili kila mara, na hakuna siku nimeletewa kilichobaki.

#9 Suka wa Nyanda za Juu

Haya sasa, madereva tumekuwa wezi. Mkuu, injini ya 124 iliyotembea inakula oili njiani. Kile kilichobaki tunaweka kwenye kidumu nyuma ya kiti, tunaongeza Makambako, tunaongeza Tunduma. Ndiyo maana umemwaga 29 tu. Hiyo gari iliondoka na 30 na kitu, nyingine imechomeka.

#10 Mama Kenta

Sijamwita mtu mwizi, kaka yangu. Nimeuliza ndoo iko wapi.

#11 Mpima Mizani

Mleta uzi, acha kukadiria kwa macho. Ndoo ni pana juu, nyembamba chini, kwa hiyo robo ya urefu haifiki robo ya ujazo. Ipeleke dukani kwenye mizani. Oili ya injini ni nyepesi kuliko maji, lita moja ni kama kilo 0.88. Toa uzito wa ndoo tupu, kinachobaki gawanya kwa 0.88, unapata lita. Ndoo kamili ya lita 20 oili yake peke yake ni kilo 17 na nusu hivi. Kuna watu wanaona mizani haifiki 20 wanaanza kugombana na mwenye duka, kumbe hajawapunja.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyeligusa: umepima oili ya zamani ikiwa ya moto, mpya ukaimimina ya baridi. Oili hutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya joto inaongezeka karibu sehemu 7 kwa 10,000. Kutoka nyuzi 30 za hapa Dar hadi 90 za injini ni tofauti ya 60, hiyo inakupa kama asilimia 4. Kwa lita 29 ni lita moja na ushee. Kwa hiyo kilichotoka kilikuwa 28 kwa kipimo cha ubaridi, na hizo sita zako ni saba. Swali limekuwa kubwa zaidi.

#12 Kijana wa Gerezani

Mpima Mizani umetuletea hesabu ya shule 😄 Ila ya kutanuka ni kweli. Mzee wa #4, nimekubali kuhusu presha, nilichanganya.

#13 Mkaguzi wa Yadi

Nasimamia magari 18 ya kampuni fulani, yadi iko Kurasini. Hakuna namba moja ya 124. Nina mbili zimefanana hadi rangi, moja inafika alama ya juu kwa lita 28, nyingine kwa 33. Ukilala chini yake unaona sampu hazifanani. Zile injini zilitoka kiwandani na sampu za maumbo tofauti, na zikifika huku kwetu tunaongeza vurugu: injini inatolewa kwenye gari moja inawekwa nyingine, sampu ya hii inafungwa kwa ile, stiki inapotea inaletwa nyingine ya kukata kwa hekseo. Mtu akikwambia "124 ni lita 30", muulize 124 ya nani.

Tajiri, injini yako ni ile iliyokuja na gari?

#14 Tajiri wa Gari Moja

Hapana mkuu. Nilinunua gari hii ikiwa na injini ya mtumba iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza. Stiki ina mpini wa njano uliofungwa kwa waya. Sikuwahi kufikiria kwamba inaweza isiwe yake.

#15 Mkaguzi wa Yadi

Basi stiki yako haiaminiki kwa asilimia zote. Sisi tukipata gari ya namna hiyo tunaitengenezea alama. Sevisi inayofuata mwaga yote usiku kucha, funga filta mpya. Tafuta namba ya injini kwenye bloku, mtu wa Scania akupe kiwango cha chini na cha juu cha sampu hiyo. Mimina kile cha chini, washa ili filta zijae, zima, subiri, soma, kwaruza alama kwa ncha ya msumari. Halafu ongeza lita moja moja na kusoma mpaka cha juu. Asubuhi moja inakutosha, na hiyo stiki inakuwa yako maisha.

Ukifanya hivyo utashangaa kitu kingine. Kwenye gari ndogo kati ya alama mbili kuna kama lita moja. Kwenye injini ya lori ni lita kadhaa. Kwa hiyo "imepungua kidogo" ya dereva inaweza kuwa lita nne.

#16 Oili Safi

Nimesoma uzi wote, watu mmesahau filta. Namba kwenye vitabu huandikwa mbili, na filta au bila filta. Filta kubwa za malori kila moja inameza lita na zaidi. Na 124 ina kile kisafishio kinachozunguka kwa kasi, kile chenye kikombe ndani. Mleta uzi, fundi wako alikifungua?

#17 Tajiri wa Gari Moja

Alibadilisha filta tu. Hicho kikombe sijakiona.

#18 Oili Safi

Nilijua. Kikifunguliwa unakuta ukuta wake wa ndani una ukoko mweusi, mgumu, kama ukoko wa ugali uliolala kwenye sufuria. Unaukata kwa kisu. Huo ni moshi na unga wa chuma ambao filta ya karatasi haiwezi kuushika. Nilifungua mmoja Buguruni ukoko umebaki kidogo ujaze kikombe chote, yaani kilikuwa hakizunguki tena. Tajiri anabadilisha oili kila safari mbili, na uchafu unabaki mlemle ukimsubiri oili mpya.

#19 Fundi Mzee wa Keko

Huyu #18 kasema neno. Mafundi wengi vijana hawakifungui kwa kuwa mteja hakijui.

Sasa nirudi kwenye "ikizidi haiui". Miaka mingi nyuma nikiwa Vingunguti, ililetwa gari imejazwa oili mpaka juu, dereva alikuwa anaogopa mlima. Bomba la kupumulia limeziba kwa tope, tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, imechoka. Tukaiwasha. Mara ikaanza kupanda mzunguko yenyewe. Tukakata dizeli, haizimi. Ilikuwa inavuta oili yake yenyewe kupitia tabo na kuichoma. Moshi mweupe ukafunika yadi nzima, huoni mwenzio. Sauti ile sijaisahau. Mwenzetu mmoja alichukua ubao akauziba mdomo wa hewa baada ya kung'oa hozi, ndipo ikafa. Kama angeweka mkono, mkono ungekwenda. Tulipofungua, mikono miwili ya pistoni imepinda.

Kwa hiyo mtu akiniambia oili ikizidi haiui, mimi nilikuwepo.

#20 Suka wa Nyanda za Juu

Pole mzee. Lakini hapo kosa ni la tabo na bomba lililoziba. Gari yenye tabo nzima inazidishwa lita mbili kila siku na inafika Kasumbalesa mpakani mwa Kongo. Mimi nimeendesha hivyo. Na nimeona kwa macho yangu gari imenoki, yaani injini imekufa, katikati ya Kitonga kwa oili ndogo: mlima umeinua kichwa, oili yote imerudi nyuma, pampu inanyonya hewa. Taa ikawaka, dereva akasema atazima akifika Ilula. Hakufika. Kati ya mawili hayo, mimi bora izidi.

#21 Fundi Mzee wa Keko

Kwa nini uchague kati ya mawili wakati kuna alama?

#22 Suka wa Nyanda za Juu

Kwa sababu alama tunaisoma sisi saa kumi usiku na tochi ya simu, foleni ya mizani inasogea, mzee wangu.

#23 Bint Msimbazi

Samahani kuingilia. Hizo lita 29 zilizotoka zilienda wapi? Nyinyi mnazungumza zinazoingia tu. Nakaa karibu na bonde la Msimbazi, mvua zikinyesha mfereji unashuka mweusi una rangi za upinde juu ya maji. Mleta uzi kasema gereji iko kwenye mteremko wa mfereji.

#24 Tajiri wa Gari Moja

Dada, zilichukuliwa na jamaa wa mbao, wanapaka nguzo na papi za dari kuzuia mchwa. Aliweka kwenye madumu, niliona. Iliyomwagika chini ya mwembe ni kidogo lakini ipo, ardhi pale ni nyeusi tii.

#25 Kijana wa Gerezani

Nguzo za uzio sawa. Papi za ndani ya nyumba mtu analala chini yake, ile harufu haitoki mwaka mzima. Mjomba wangu alipaka, shangazi akahamia sebuleni.

#26 Oili Safi

Tusitoke sana. Mleta uzi, oili gani umeweka? Namba 40 au 15W-40? Na umeangalia maandishi ya daraja?

#27 Tajiri wa Gari Moja

15W-40, imeandikwa CI-4. Zamani walikuwa wananunua namba 40.

#28 Oili Safi

CI-4 ni daraja la mwaka 2002, kwa injini ya umri wa 124 inatosha kabisa. CK-4 iliyokuja 2016 nayo itafaa, bei ndiyo itakuuma. Namba 40 tupu achana nayo kwa njia hiyo. Gari ikilala Makambako asubuhi ya Juni ile baridi inaifanya nzito kama asali, na dakika za kwanza baada ya kuwasha ndizo metali zinasagika.

Na mfuniko wa ndoo: ukiona ulimi wa plastiki umekatika kabla hujafungua wewe, rudisha.

#29 Tajiri wa Gari Moja

Wakuu, mrejesho. Leo Jumatatu nimefanya mlivyosema.

Nimepima ndoo dukani. Baada ya kutoa uzito wa ndoo tupu, oili iliyobaki ni kilo 3.3. Kwa hesabu ya #11 ni lita 3.75. Kumbe fundi aliingiza lita 36 na robo.

Gari nimeipeleka kituo cha mafuta chenye zege, barabara ya Mandela, nikaomba ruhusa nikae nayo robo saa. Nimefuta, nimeingiza, nimesoma mara tatu. Bado iko juu ya alama, upana wa kidole. Nimerudi gereji, fundi kalegeza nati tukapunguza kidogo kidogo kwenye galoni, kupima kila mara. Imetoka lita 4 ndipo ikakaa kwenye alama ya juu. Zimebaki 32 na robo.

Kikombe nacho kimefunguliwa. #18, ni kama ulikuwepo. Ukoko unene wa kidole gumba. Fundi alinyamaza, akaomba kisu. Asanteni sana.

#30 Mkaguzi wa Yadi

Safi. Ila kumbuka 32 na robo ni namba ya stiki hiyo. Kama stiki siyo yake, huna namba bado.

#31 Suka wa Nyanda za Juu

Sasa anajua yote, safari njema mkuu. Dereva apeleke kidumu cha lita 4, tusigombane 😄

#32 Tajiri wa Gari Moja

Wakuu, nimerudi na tatizo jingine. Gari iliondoka Jumanne usiku na tani zake. Leo Alhamisi alfajiri dereva kalala Makambako, kapima kabla ya kuwasha, anasema oili imepita alama kwa nusu kidole. Hajaongeza hata tone, kidumu kimefungwa na utingo ndiye anakilalia. Oili inaongezekaje yenyewe?

#33 Kijana wa Gerezani

Maji. Oringi za laina, yaani mipira inayozuia maji kwenye kuta za silinda, zimechoka, maji ya rejeta yanashuka kwenye sampu. Aangalie mfuniko wa kujazia, akikuta utando kama maziwa ya mgando, asiwashe.

#34 Fundi Mzee wa Keko

Bado mapema kusema maji. Gari imelala usiku kucha, oili yote iliyokuwa juu kwenye hedi, kichwa cha injini, na kwenye kupozea oili imeshuka. Jumatatu mlisoma baada ya robo saa. Asubuhi ya baridi lazima ikae juu kidogo. Kama anaogopa maji, njia ni hii: kabla hajawasha, alegeze nati ya sampu nusu mzunguko bila kuitoa. Maji ni mazito, yamelala chini. Tone la kwanza likiwa maji ataliona. Likiwa oili, akaze aendelee.

#35 Oili Safi

Inaweza kuwa dizeli. 124 zilitoka aina mbili. Kama upande wa injini yako kuna pampu ndefu yenye mabomba sita ya chuma yanayopanda juu, ni ya pampu. Kama huyaoni, kila silinda ina injekta yake ndani ya hedi, PDE. Za PDE oringi za injekta zikikatika, dizeli inashuka moja kwa moja kwenye oili. Na hata ya pampu haijapona, pampu yenyewe inalainishwa na oili ya injini, vipengele vikilika dizeli inapenya humo.

Anuse stiki. Atone tone moja kwenye karatasi nyeupe, asubiri. Dizeli ikiwemo, kunatokea duara jepesi lililosambaa nje ya doa jeusi.

#36 Mpima Mizani

Nina shaka na kipimo cha karatasi, karatasi ya daftari na ya gazeti zinatoa majibu tofauti. Lakini kwa kuwa hana kingine huko, atone.

#37 Mkaguzi wa Yadi

Jingine ambalo limewahi kunisumbua mwezi mzima: pampu ya stelingi. Kama inaendeshwa na gia za injini na sili ya shafti yake imekufa, mafuta ya stelingi yanahamia kwenye injini. Oili inapanda, tangi la stelingi linashuka, na huoni panapovuja hata tone. Mwulize dereva ameongeza mafuta ya stelingi lini.

#38 Tajiri wa Gari Moja

Nimempigia. Anasema stelingi huongeza nusu lita karibu kila safari, alidhani ni hozi. Maji ya rejeta yako palepale. Tone la nati ni oili safi. Pampu ndefu haioni, kwa hiyo ni PDE.

#39 Suka wa Nyanda za Juu

Gari kalaza upande gani hapo Makambako? Ile sehemu tunayoegesha inainamia kushoto.

#40 Mama Kenta

Nilitaka kuuliza hivyohivyo. Kaka, usishushe injini kwa simu ya alfajiri. Mwambie asogee kwenye zege kwanza.

#41 Tajiri wa Gari Moja

Amesogea kituo cha mafuta, amesubiri robo saa kwa saa yangu mimi. Sasa anasema imekaa kwenye alama ya juu, sawasawa kabisa.

Ila anasema stiki inanuka dizeli. Utingo kainusa, anasema hainuki.

#42 Oili Safi

Karatasi je?

#43 Tajiri wa Gari Moja

Katona kwenye nyuma ya risiti ya mizani. Inasambaa. Anasubiri ikauke ndiyo anitumie picha.